Hoja Kumi za Mdogo Wangu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, maana kujisifu ni kutaja usichokuwa nacho. Nilitoka Usevya na baiskeli ya kuazima na elimu ya darasa la nne, nikaingia Mpanda mjini nikiuza chumvi kwa kikombe, na kabla sijafika miaka arobaini nilikuwa na duka la bati lenye milango miwili, stoo ya asali kwa nyuma, na mizani ambayo hata wakaguzi wa vipimo walipokuja walinisifia. Nimeona gunia la karanga lenye mawe katikati. Nimeona mtu akiuza mbuzi mmoja kwa watu wawili, na wote wawili ndugu zake. Mtu aliyeona hayo hawezi kushangazwa na kitabu.

Na habari hii ni ya kitabu.

Miaka ile ya sabini mwanzoni, mdogo wangu wa mwisho, tumbo moja, alikuwa anakaa kwetu. Baba alipofariki nilimchukua nikamsomesha kwa masista mpaka kidato cha nne. Nilimsomesha mimi, hakuna aliyenichangia hata kalamu. Alipomaliza akaja kunisaidia dukani. Msichana mwembamba, mpole kwa wateja, kwangu mimi mbishi. Alijua nani ananunua mche mzima wa sabuni na nani anataka ukatiwe kipande, na tangu alipokaa nyuma ya kaunta hakuna kitu kilichopungua dukani bila kujulikana kimekwenda wapi. Kwa hiyo alipoleta barua kwamba chuo kimoja cha biashara Dar es Salaam kimemruhusu kufanya mtihani wa kuingia, na kwamba mtihani utafanyika Tabora baada ya wiki tatu, nilimwambia hapana akiwa bado ananisomea.

"Kaka, hujasikia mwisho wa barua."

"Mwanzo umenitosha."

"Ni miaka miwili tu."

"Utafundishwa biashara gani huko ambayo hapa haipo? Huko wanafundisha watu ambao hawajawahi kuuza hata kitunguu."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliikunja barua, akaiweka chini ya mawe ya mizani, akaendelea kupima sukari kana kwamba hakuna mtu aliyesema neno. Lakini kuanzia siku ile akawa anakuja dukani na kitabu.

Kilikuwa kitabu cha ng'ambo, hakina jalada, kimeshonwa upya kwa uzi mweusi. Rafiki yake waliyesoma pamoja alimtumia kwa treni. Ndani ni mazoezi ya mitihani ya kuingia vyuo vya biashara, Kiingereza kitupu. Hesabu alikuwa anaziweza. Sehemu iliyomsumbua ilikuwa moja: unapewa maneno ya mtu, mistari mitano au sita, anadai jambo na anatoa sababu zake. Huulizwi kama jambo lenyewe ni kweli. Unaulizwa hoja yake inavuja wapi. Je, zile sababu zinamfikisha pale anapotaka kufika, au kuna mahali ameruka bila daraja?

Saa nane mchana, jua likishawafukuza wateja, alikuwa anafungua kitabu kile kwenye kaunta na kusoma midomo ikicheza. Siku ya tatu nikachoka.

"Unanong'ona nini hapo? Soma tusikie."

Akanitafsiria. Kampuni moja ya magazeti ilitaka kujua kama watu wa mji wake wanapenda kusoma. Wakachapa maswali ndani ya gazeti lao, wakawaomba watu wajibu. Karibu wote waliojibu walisema wanapenda sana. Basi kampuni ikatangaza kwamba mji mzima unapenda kusoma.

"Wapumbavu," nikasema. "Hiyo ni sawa na kusimama mlangoni mwa kanisa Usevya Jumapili, ukawauliza wanaotoka kama wanasali. Waliobaki kwenye pombe utawauliza saa ngapi?"

Alinitazama, akafunua kurasa za mwisho zenye majibu, akasoma, akarudi mbele, akasoma tena.

"Umepata, kaka."

"Nimepata nini?"

"Jibu. Wamesema hivyo hivyo, ila wao hawakutaja kanisa."

Sasa nikuulize wewe unayesoma: mtu wa darasa la nne apate kwa pumzi moja kitu ambacho mtu wa kidato cha nne anakinong'onea siku tatu, anyamaze? Nilitoka barazani nikamwambia fundi cherehani. Fundi huyu alikuwa amepanga baraza langu, mashine yake iko mlangoni kabisa, na kila kilichosemwa dukani kilipita masikioni mwake kwanza kabla ya kutoka nje.

"Nimesikia, tajiri," akasema, mguu wake ukiendelea kukanyaga. "Basi nenda wewe Tabora ukafanye huo mtihani. Mimi nitakushonea suruali ya kwendea."

"Nikienda, walimu watakosa kazi."

Ndipo mdogo wangu akatoka nyuma ya kaunta. Aliniambia mbele ya fundi, sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya mafuta ya taa.

"Kaka, kama ni rahisi hivyo tupatane. Nitakuletea hoja kumi. Ukizikamata zote kumi, sitataja tena chuo. Nitakaa dukani mpaka unifukuze mwenyewe. Moja tu ikikupita, nakwenda Tabora, na nikifaulu unanilipia kila kitu."

Mimi sikubali mapatano bila kuuliza. "Kila kitu maana yake nini?"

"Nauli, ada, godoro, sanduku, na viatu vya ngozi. Siendi mjini na raba."

"Na hiyo uliyonisomea tayari?"

"Hesabu ya kwanza. Sikupunji."

Fundi akasimamisha mashine. "Mimi ni shahidi," akasema. "Shikaneni mikono." Tukashikana. Mkono wake ulikuwa wa baridi na jua lile, nikajua mwenzangu hatanii. Lakini mimi nilikuwa naona kumi ni chache. Nilitaka kusema ishirini.

Hoja ya pili ilikuwa ya kiwanda kilichopaka kuta zake rangi ya kijani, na mwaka uleule kazi ikaongezeka, bwana mkubwa akasema ni rangi. Nilicheka. Mimi mwaka niliopaka duka rangi ya buluu mauzo yalipanda mpaka nikaongeza mlango wa pili. Ila mwaka ule mvua ilinyesha vizuri kule kwetu Mpimbwe nzima, mpunga ukajaa, watu wakaja mjini na hela. Ningepaka duka masizi wangenunua vilevile. Akafunua nyuma: nimepata.

Ya tatu ilikuwa ya muuza viatu aliyefanikiwa mji mmoja akaamua kufungua duka mji mwingine, akiwa na hakika atafanikiwa. Hiyo sikumaliza hata kuisikiliza. Namjua mtu, sitamtaja, aliyeona mabuti ya mvua yanagombewa kwenye matope ya mashamba ya mpunga, akapeleka shehena nzima kwa wachimbaji kwenye mawe makavu. Ya nne ilisema watu wanaotembea na miavuli ndio hunyeshewa zaidi kuliko wasio nayo, kwa hiyo mwavuli haufai kitu. Nikasema mwenye mwavuli ndiye anayethubutu kutoka mvua ikinyesha, asiye nao amekaa ndani anakunywa uji. Ya tano nilikamata nikiwa napima misumari.

Siku zile nilikuwa mtamu, sitaki kudanganya. Wateja walianza kuja saa nane makusudi. Wakulima wa Mwamkulu walioleta mihogo sokoni walikuwa wanapitisha baiskeli dukani kwangu, wanaegemea ukuta, wanasikiliza. Mdogo wangu anasoma, mimi nafumba macho, nasema, "Inavuja hapa," watu wanapiga makofi. Yeye anafunua nyuma, anasema, "Umepata." Kila aliposema umepata sauti yake ilikuwa inashuka kidogo. Niliisikia, ila nilikuwa na kazi ya kushinda.

Hoja ya tisa niliipata siku ya Jumanne. Treni ya kwenda Tabora kuwahi mtihani ilikuwa Alhamisi.

Jumanne hiyo, tukiwa tunakula, mke wangu aliniwekea ugali mbele na hakuondoa mkono kwenye sahani.

"Baba, hiyo moja iliyobaki si ungejifanya umekosa tu?"

"Mimi nijifanye mjinga ndani ya duka langu?"

"Mtoto hajala tangu jana."

"Mapatano ni mapatano. Yeye ndiye aliyesema kumi."

"Sawa," akasema, akaondoa mkono. Nikala. Mke wangu akisema sawa kwa haraka namna ile, mtu mwenye akili angesimamisha tonge. Mimi niliongeza mboga.

Jumatano mdogo wangu hakuja na kitabu. Alikuja na karatasi.

"Kaka, ya kumi nimeitunga mwenyewe. Inaruhusiwa?"

Watu kama wanane walikuwa barazani. Fundi alikuwa ameshaacha kukanyaga mashine. Ungekuwa wewe ungesemaje? "Tunga hata mia," nikasema.

"Na kama haina kasoro, ukasema haina, umeshinda. Kama inayo, ukasema haina, nimeshinda mimi."

"Nyie mmesikia," nikawaambia watu. "Soma."

Akasoma kwa Kiswahili, taratibu:

"Mfanyabiashara mmoja mzoefu ananunua asali kutoka kwa warina asali wa Inyonga. Anajua kwamba asali iliyotiwa maji, ukichovya njiti ya kibiriti ndani yake, ukaifuta, ukaikwaruza kwenye boksi, haiwaki. Kila debe linalokuja analichovya njiti. Debe la leo amelichovya, njiti imewaka. Kwa hiyo anasema: asali hii ni safi, hakuna kilichochanganywa."

Watu wakacheka, maana kila mtu Mpanda anajua mfanyabiashara huyo ni nani. Nami sikuona haya. Kupima asali kwa njiti ni kazi ya watu wote upande wetu, lakini mimi ndiye niliyeifanya iwe sheria. Mrina akishusha debe mlangoni kwangu, kabla hata ya salamu naweka mkono mfukoni natoa kibiriti. Warina wenyewe walikuwa wakisema ukifika kwa yule bwana omba Mungu njiti iwake. Mji mzima wakinunua asali kwangu hawaulizi.

Lakini nilikuwa na mapatano mkononi, sikutaka kukimbilia. Nikaitafuta tundu moja moja.

"Njiti yenyewe ilikuwa kavu?"

"Kavu."

"Alichovya juu tu, au alikoroga mpaka chini?"

"Alikoroga mpaka chini."

"Debe moja au yote?"

"Yote, kila moja na njiti yake."

"Na anayechovya ni yeye mwenyewe, hakumtuma mtu?"

"Mwenyewe, kaka. Kwa mkono wake."

Nikajiegemeza kwenye kaunta. "Basi dada yangu umejikwaa. Umetafuta hoja ya kunishinda, ukaokota ya kweli. Hii haivuji popote."

"Umesema?"

"Nimesema. Haina kasoro. Kesho usiwahi kuamka, hakuna treni."

Mdogo wangu alikuwa anatazama mlango wa uani. Mke wangu akaingia na chupa ya asali, rangi yake nyekundu nzuri ileile ya msituni, akaiweka juu ya kaunta, na pembeni yake boksi la kibiriti jipya.

"Pima," mdogo wangu akaniambia.

Nilifungua, nikanusa. Nta, maua, moshi wa mrina, vyote vimo. Nikachovya njiti, nikaifuta kwenye ukingo wa chupa kama ninavyofanya siku zote. Fundi akasema, "Lete nikwaruze mimi, isije ikasemwa mkono wako una uchawi." Akaikwaruza. Njiti ikawaka kwa moto mrefu, ikavuma.

"Safi," nikasema. "Mnaona wenyewe. Hata kipofu angesikia joto."

"Safi kabisa?" mdogo wangu akauliza.

"Kabisa."

Mke wangu akaanza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga. "Baba, nusu ya chupa hiyo ni sukari ya kaunta. Nimeichemsha mwenyewe asubuhi mpaka ikawa nzito, ndiyo nikaikorogea asali."

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Mkulima mmoja wa Mwamkulu alicheka mpaka baiskeli yake ikaanguka na mihogo. Fundi alikuwa bado ameshika njiti, ikamuunguza kidole, akaitupa na bado anacheka. "Tajiri," akasema, "hiyo suruali nikushonee au niache?"

Mimi nilisimama nimeshika chupa. Mdogo wangu ndiye aliyesema, na yeye hakucheka.

"Njiti inakwambia kwamba maji si mengi. Basi. Kingine haikijui. Wewe unaanza na asali yenye maji haiwaki, hapo uko sawa. Halafu unaruka mpaka inayowaka ni safi. Katikati hapo hujapita, kaka. Kuna sukari, kuna sukari guru, kuna chochote kizito."

"Ningeionja ningejua."

"Onja sasa."

Nikaonja. Ipo, nyuma ya ulimi, ladha ya sukari iliyoungua kidogo, imetulia pale kama mgeni asiyebisha hodi. Mimi ulimi wangu unajua asali ya mwezi gani na ya mti gani. Ungeniwekea hiyo chupa nikiwa mtoto ningeitema.

"Mbona hukuonja kwanza?" akaniuliza.

"Kuonja ni kwa wanunuzi wachanga."

"Hapana. Njiti ilikuwa imeshakwambia ulichotaka kusikia. Zile tisa zilikuwa za watu usiowajua, ukawatafutia makosa mpaka ukayapata. Hii ilikuwa yako."

Mimi nilikuwa tayari nafikiria stoo. Kulikuwa na madebe kumi na moja kule nyuma, yote yamepita njiti, yanasubiri mnunuzi wa Tabora. Niliwaacha watu barazani wakicheka, nikaingia stoo na kijiko, nikafungua la kwanza. Mdogo wangu akanifuata na kijiko chake, bila kuitwa. Tukaonja yote, moja baada ya jingine, tukinywa maji katikati. Tisa yalikuwa asali. La nne na la nane yalikuwa na ule utamu wa kigeni nyuma ya ulimi, yote mawili kutoka kwa mtu mmoja ambaye nilikuwa nikimsifia kwamba njiti zake huwaka kuliko za wenzake.

"Kweli zilikuwa zinawaka kuliko za wenzake," nikasema.

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu barua ije. Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Nami nikacheka, kwa sababu ukiwa peke yako na mtu uliyembeba mgongoni akiwa mdogo, hakuna wa kumficha.

Yale mawili niliwauzia akina mama wanaopika wanzuki, maana wao kwenye pombe yao ya asali wanatia sukari wenyewe, nikawaambia imeshatiwa. Niliuza kwa bei ya chini kuliko niliyonunulia, lakini niliuza nikisema ukweli, jambo ambalo yule mrina hakulifanya.

Alhamisi nilimpeleka stesheni mimi mwenyewe. Nilimkatia daraja la pili. Mtu wangu hakai daraja la tatu akielekea kwenye mtihani. Fundi alikuja kuaga, mke wangu akaja na kuku wa kukaanga ndani ya kikapu, na mdogo wangu akapanda na kile kitabu chake chenye uzi mweusi kwapani. Treni ilipoanza kuondoka alitoa kichwa dirishani.

"Kaka, duka litakuwaje?"

"Lilikuwepo kabla yako!" nikampigia kelele. Halafu nikaona haitoshi. "Wakikuletea hoja ya kitu unachokipenda, ionje kwanza!"

Alifaulu. Barua ilipokuja niliibandika ukutani, juu ya mizani, na nilimwajiri mtu mwingine wa kaunta ambaye hajui mche na kipande, nikawa nakaa mwenyewe saa nane. Warina walipofika nilikuwa natoa kijiko. Kibiriti nilibaki nacho, kwa ajili ya sigara.

Fundi amekuwa akiniuliza kila mwaka ile hoja ya kumi ilinigharimu kiasi gani, na kila mwaka nimemwambia hesabu za mtu haziulizwi barazani. Leo nazitaja. Nauli ya Tabora kwenda na kurudi, nauli ya Dar es Salaam, ada ya miaka miwili, godoro, sanduku la bati, viatu vya ngozi jozi mbili ingawa tulipatana jozi moja, hasara ya yale madebe mawili, na ile sukari ya kaunta ambayo mke wangu mpaka leo hajailipia: shilingi elfu mbili mia moja thelathini na saba, na senti hamsini.